Intaneti ya Nyumba ni Moja, Wenyewe ni Wengi





Juma hili twapenda kusema juu ya kitu kisichoonekana kwa jicho, lakini ambacho kimeingia katika hesabu ya kila mwezi pamoja na unga, mafuta na stima, nacho ni intaneti ya nyumbani. Zamani nyumba ilikuwa na simu moja, na mwenye simu ndiye mwenye mtandao. Leo baba ana simu yake, mama ana yake, vijana wana zao, runinga nayo yataka kuunganishwa, na mtoto wa madrasa asoma hifdhi na ustadhi aliye mji mwingine. Laini iliyoingia nyumbani ni ile ile moja. Hapo ndipo huanza manung'uniko, kisha lawama, na mwisho pesa kutoka bila faida.

Siku moja baada ya Alasiri tulikwenda kumzuru mama mmoja katika Mji wa Kale wa Mombasa. Tulipobisha hodi na mlango kufunguliwa, tulimkuta bintiye ameketi ngazini, kipakatalishi magotini, buibui amejitupia juu ya nguo za nyumbani, akisikiliza somo la chuo. Kila mgeni aliyeingia, awe mwanamke au mwanamume, ilimbidi ampite hapo, naye binti asogee, ajifunike vizuri, kisha atafute tena alipofikia mwalimu. Mamaye akatwambia kwa haya: "Huko chumbani kwake orofani haikamati. Hapa ngazini ndipo inapofika."

Mama huyo huuza viazi vya karai na mahamri. Kwa pesa hizo alikwisha kupandisha kifurushi cha intaneti mara mbili, kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 20, kisha hadi 40. Na bado bintiye alikuwa ngazini. Kadhia hii ndiyo iliyotufanya tushike kalamu, kwa kuwa twaamini haiko katika nyumba ile peke yake.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba sisi wa Mombasa ndio tulio karibu kabisa na mlango wa mtandao wa Kenya. Nyaya kubwa zinazopita chini ya bahari hushukia katika pwani yetu. Waya wa TEAMS, uliovutwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa mwaka 2009, na wa SEACOM ukafika mwaka uo huo. Kwa hiyo mawasiliano huvuka bahari yote salama, hupita mitaani salama, kisha hukwama baina ya mlango wa nyumba na chumba cha orofani. Ni sawa na mtu aliyeletewa maji ya bomba hadi barazani, kisha akakosa mfereji wa kuyafikisha jikoni. Kuongeza maji barazani hakutamfaa kitu.

Basi shauri letu la kwanza ni hili: kabla ya kulipa zaidi, pimeni. Chagueni wakati nyumba imetulia, kama vile baada ya Alfajiri. Zimeni waifai katika simu nyingine zote, mbakishe moja tu. Simameni karibu na ruta, hatua mbili tatu hivi, mfungue programu yoyote ya kupima kasi. Andikeni namba tatu mtakazoziona: kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na muda wa ucheleweshaji. Kisha nendeni chumba kilicho mbali kabisa mrudie kipimo hicho hicho. Karatasi hiyo moja itawafunulia mengi.

Ikiwa karibu na ruta mwapata kasi inayokaribia ile mnayolipia, na chumbani hampati, kasoro iko ndani ya nyumba, na kifurushi kikubwa hakitaiondoa. Ikiwa hata karibu na ruta kasi ni duni, na siku kadhaa ni vivyo hivyo, hapo kasoro yaelekea iko upande wa kampuni, nanyi mna namba mkononi za kudai haki yenu. Na kuna siku ambazo kasoro haiko kwenu wala kwa fundi wa mtaani. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, ziliharibika upande wa Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikapungukiwa na mtandao kwa siku kadhaa. Siku kama hizo dawa ni subira.

Jambo moja huwachanganya wengi wanaposoma namba hizo. Makampuni huuza kwa megabiti, lakini faili tunazopakua aghalabu huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo mwenye kifurushi cha megabiti 40 akiona faili yake yaingia kwa megabaiti 5 kwa sekunde, hajadhulumiwa. Hiyo ndiyo kasi yake yote.

Tulipopima nyumba ya mama yule, tulipata megabiti 38 mlangoni. Orofani hatukupata hata moja iliyotulia. Kampuni ilikuwa imetimiza ahadi yake, na nyumba ndiyo iliyokuwa ikizuia.

Sababu yake yafaa ijulikane na kila anayekaa katika nyumba za kale za pwani yetu, iwe Mombasa au Lamu. Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake huweza kufika unene wa nusu mita. Wazee wetu walizijenga hivyo ili ndani pawe baridi wakati wa kaskazi na siri za nyumba zibaki nyumbani. Ukuta unaozuia joto na sauti huzuia pia mawimbi ya waifai. Fundi wa kampuni naye alipokuja aliweka ruta pale waya ulipoingilia, yaani mlangoni, karibu na sanduku la stima. Kutoka hapo hadi chumba cha binti mlikuwa na kuta tatu na sakafu ya boriti na mawe. Uwazi wa ngazi ndio njia pekee iliyobaki kwa mawimbi kupita, na ndiyo maana binti alilazimika kukaa pale.

Shauri la pili, basi, ni mahali pa kuiweka ruta. Ikae katikati ya nyumba kadiri iwezekanavyo, juu kidogo ya kimo cha mtu, mahali pa wazi. Tumeona nyumba nyingi ambazo ruta imefichwa ndani ya kabati la vyombo kwa kuwa taa zake hazipendezi, au imetupwa nyuma ya runinga, au imeegemezwa kwenye friji. Chuma hurudisha mawimbi, vioo vikubwa vya kujitazamia vina utando wa madini nyuma yake, na tangi la maji huyameza. Mikrowevu nayo hutumia mawimbi yaliyo karibu sana na yale ya waifai ya gigahezi 2.4, ndiyo maana katika baadhi ya nyumba mazungumzo hukatika kila mama anapopasha wali moto. Ruta yahitaji hewa pia, kwa hiyo msiifunike kitambaa cha kufuma hata kama kitambaa chenyewe ni kizuri.

Walio na intaneti ya laini ya simu, isiyo ya faiba, kwao kanuni ni tofauti kidogo. Ruta yao yapaswa kwanza kuusikia mnara, kwa hiyo mahali pake ni karibu na dirisha linaloelekea mnara ulipo. Jaribuni madirisha mawili matatu, mkipima kila mara, kabla ya kuamua.

Shauri la tatu ni kuzijua njia mbili za mawimbi. Ruta nyingi za siku hizi hutoa waifai ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ile ya 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta kwa nafuu, lakini ni ya polepole, na katika mitaa iliyosongamana ruta za majirani wote hugombania njia zile zile chache. Ile ya 5 ni ya kasi na haina msongamano mkubwa, ila hushindwa upesi na ukuta. Kilicho karibu na ruta kiungwe kwenye 5, na kilicho mbali kwenye 2.4. Katika 2.4, njia zisizoingiliana ni namba 1, 6 na 11. Kijana mwenye kuelewa mambo haya aweza kuingia katika mipangilio ya ruta akachagua ile iliyotumiwa na majirani wachache.

Shauri la nne ni la zamani kuliko waifai yenyewe, nalo ndilo lenye nguvu zaidi: waya. Kitu kisichohama hakina haja ya mawimbi. Runinga iliyotundikwa ukutani na tarakilishi ya mezani ziungwe kwa kebo kutoka kwenye ruta. Kebo ya kawaida ya daraja la 5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na hakuna nyumba yetu yenye urefu huo. Kila kifaa kinachoondolewa kwenye mawimbi huwaachia wengine nafasi.

Waya pia ndio unaofaa kuvusha mtandao penye kuta nene. Wengi hununua kirudufishi cha waifai, kile kinachochomekwa kwenye soketi, wakakiweka katika chumba kisicho na mtandao, kisha wakashangaa kwamba hakuna kilichobadilika. Kirudufishi hurudia kile kinachokisikia, na kikiwekwa mahali pasipofika kitu hakina cha kurudia. Mahali pake ni katikati ya safari, pale mtandao ungali mzuri. Na hata hapo, kile cha bei nafuu kinachopokea na kutuma kwa njia moja hupunguza kasi karibu nusu. Lililo bora ni kuvuta kebo kutoka kwenye ruta hadi orofa ya juu na kuweka kisambazaji cha pili huko. Tahadhari moja kwa wakaao katika nyumba za urithi: kutoboa ukuta wa kale kuna taratibu zake, na aghalabu hakuna haja ya kutoboa, kwani kebo yaweza kupandia uwazi wa ngazi, ikafichwa vizuri pembeni.

Shauri la tano lahusu matumizi, na hapa ndipo panapohitaji mashauriano ya nyumba nzima. Watu hudhani idadi ya simu ndiyo inayolemea. Simu 10 zilizolala hazilemei kitu, ila simu moja yaweza kuwazuia wote. Tutazame hesabu. Filamu yenye picha safi katika runinga huhitaji megabiti 5 hivi kwa sekunde. Darasa la video lenye watu wengi huhitaji baina ya 2 na 4. Simu ya sauti haifiki hata nusu ya megabiti moja. Nyumba yenye megabiti 20 yaweza kubeba runinga moja, madarasa mawili na simu ya baba aliye Maskati kwa wakati mmoja, na bado pakabaki nafasi.

Kinachoharibu mara nyingi ni kazi zifanyikazo bila mtu kuziona. Kijana amerudi kutoka harusini na picha 400 na video, na simu yake, pindi tu igusapo waifai ya nyumbani, yaanza kuzipandisha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kasi ya kupakia, ambayo katika vifurushi vingi ni ndogo kuliko ya kupakua, yajaa yote. Dakika hiyo hiyo dada yake aulizwa swali darasani, na sauti yake haifiki. Hakuna aliyekusudia ubaya, na kila mmoja amlaumu mwenziwe. Dawa ni kuingia katika mipangilio ya simu na tarakilishi, mkaamuru kwamba kuhifadhi picha na kusasisha programu kufanyike usiku wa manane. Ruta nyingine zina uwezo wa kutanguliza kifaa fulani katika foleni. Kama yenu inao, kitangulizeni kile cha mwanafunzi au cha mwenye kazi.

Kaeni kitako siku moja baada ya Isha, wazazi na watoto, muulizane: nani ana darasa saa ngapi? Bibi huzungumza na wajukuu wa ng'ambo siku gani? Ni saa ipi runinga yaweza kungoja? Mapatano ya dakika 20 huokoa ugomvi wa mwezi mzima. Na yafaa watoto waone kwamba hata filamu ya baba hungoja mtihani wa binti.

Twaja sasa kwenye jambo ambalo mama yule hakulitarajia. Tulipofungua ukurasa wa ruta kutazama vifaa vilivyounganishwa, tulikuta 23. Nyumba yake ina 9. Alikuwa amempa neno la siri jirani mmoja kwa wema, jirani akampa mwanawe, mwana akawapa marafiki wa barazani. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hawezi kumnyima jirani.

Hatukumwambia amnyime. Haki ya jirani katika dini yetu ni kubwa, na kizuri hula na nduguyo. Lakini kutoa ni kutoa kwa kujua. Kwanza, someni mkataba wa kampuni, kwani mingi hukataza kuigawa laini nje ya nyumba, na Mwislamu hufungwa na sharti alilolikubali. Pili, mkiwa mwaweza kumsaidia jirani bila kuvunja sharti, mathalani mwanawe anapokuja kwenu kusoma, ruta nyingi zina mtandao wa wageni wenye neno lake la siri. Mgeni hutumia hapo bila kuingia penye vifaa vya nyumba. Ule wa nyumba ubaki wa nyumba, ukilindwa kwa WPA2 au WPA3, na neno lake libadilishwe mara kwa mara. Hali kadhalika badilisheni lile neno la kuingilia ruta yenyewe alilokuja nalo kutoka kiwandani, kwa sababu mara nyingi hubandikwa chini yake na kila apitaye aweza kulisoma.

Na kwa vijana wetu twasema kwa upole: intaneti ya mtu ni mali yake. Ameilipia kama alivyolipia sukari iliyo kabatini. Kuitumia kwa neno la siri lililookotwa, bila ya mwenyewe kuridhia, si werevu. Aliyekwisha kufanya hivyo na aende akaombe radhi. Ni jambo jepesi leo kuliko kesho.

Jambo la mwisho ni stima. Umeme unapokatika, laini ya faiba aghalabu huendelea kuwa hai, ruta ndiyo inayozimika. Viko vibetri vidogo vilivyotengenezwa kwa ajili ya ruta, vinavyoweza kuiweka hai kwa saa kadhaa. Kabla ya kununua, linganisheni volti zilizoandikwa kwenye ruta na zile za betri, kwani zikipishana kifaa chaweza kuungua.

Turudi kwa mama yetu. Fundi wa mtaani alileta kebo ya mita 25, akaipandisha kwa uwazi wa ngazi hadi orofani, akaweka kisambazaji cha pili karibu na mlango wa chumba cha binti. Ruta ikahamishwa kutoka mlangoni ikatundikwa juu ukumbini. Neno la siri likabadilishwa, na jirani akaelezwa kwa maneno mazuri. Kazi yote ilimgharimu chini ya kile alichokuwa akikiongeza kwa miezi mitatu katika kifurushi kikubwa. Mwezi uliofuata alikirudisha kifurushi hadi megabiti 20, na hakuna aliyetambua tofauti.

Tulipokwenda tena kumjulia hali, mlango ulifunguliwa na ngazi zilikuwa tupu. Tulimuuliza binti yuko wapi, mama akatuonyesha juu kwa kidole, akatuomba tuzungumze kwa sauti ndogo. Binti alikuwa chumbani mwake, mlango umefungwa, akijibu swali la mwalimu.

Tumwombe Mwenyezi Mungu awape mabinti zetu na vijana wetu elimu yenye manufaa, na azitie baraka riziki za mama wanaowasomesha. Wallahu a'lam. Tukutane juma lijalo, inshaallah.

Wassalaamu alaykum.